Kakamega, Ambako Kila Kijiti Huota

Chomeka kijiti cha haibiskasi kando ya njia mwezi wa Aprili mjini Kakamega, na mwezi wa Juni utakikuta na majani. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na Ikweta, na kwa mwaka hupokea mvua ya takribani milimita 2,000. Nairobi hupata kama nusu yake. Ndiyo maana ushauri wa bustani unaoanza kwa kueleza namna ya kuubembeleza mmea ukubali kukua haumfai sana mkazi wa Lurambi au Shinyalu. Hapa mmea hauhitaji kubembelezwa. Bogonvilia iliyopandwa langoni kwa ajili ya harusi inafika kwenye mabati kabla mtoto wa kwanza hajaanza shule. Duranta ya ua inageuka kichaka. Waridi linarefuka mpaka ua lake lichanue juu ya kichwa cha mwenye nyumba, asilione wala asilinuse.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye bustani wa Kakamega ni kupogoa, na swali linaloulizwa sana ni wakati gani. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa nchi zenye majira ya baridi. Uingereza, waridi hukatwa sana mwishoni mwa baridi, mmea ukiwa umelala, na mkulima hufuata kalenda bila wasiwasi. Hapa mmea haulali. Mchana una saa kumi na mbili mwezi wa Januari, na karibu ni zizo hizo mwezi wa Julai. Kinachobadilika ni mvua: masika huanza Machi na kushika kasi Aprili na Mei, mvua hupungua kidogo katikati ya mwaka, hurudi kuanzia Agosti hadi Novemba, kisha kati ya Desemba na Februari anga hukauka kiasi.

Kalenda ya mkasi, basi, ifuate mvua. Ukataji mzito, ule wa kupunguza mmea hata nusu yake, ufanywe majuma ya mwisho ya kiangazi, yaani kuanzia katikati ya Februari hadi mwanzo wa Machi. Kidonda hukauka kabla unyevu haujaleta ukungu, na mmea huwa na masika nzima mbele yake ya kutoa matawi mapya. Ukataji mwepesi ufanywe mwaka mzima, kila mara maua yanapokwisha. Aprili na Mei, mvua inapomwagika kila siku, tawi nene liache lilivyo isipokuwa limevunjika. Na kwa kuwa mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri, kata asubuhi umande ukishakauka, ili kidonda kipate saa kadhaa za jua.

Nianze na bogonvilia, kwa maana kwa maoni yangu ndiyo inayotunzwa vibaya kuliko mimea yote ya mapambo katika kaunti hii. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea, aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767 akiwa safarini na nahodha Louis-Antoine de Bougainville, ambaye mmea ulipewa jina lake. Rangi tunayoisifu, ile nyekundu, ya zambarau au ya machungwa, si ya ua. Ni majani maalumu matatu yaliyovizunguka viua vyembamba vyeupe vilivyo katikati. Jambo hili lina maana kwa mwenye mkasi, kwa sababu rangi hudumu majuma mengi baada ya vile viua kukauka, na mtu akisubiri rangi iishe kabisa ndipo akate, huwa amechelewa.

Bogonvilia hutoa rangi kwenye ncha za matawi machanga, na hutoa kwa wingi inapoonja kiu. Ukiimwagia maji kila jioni na kuijaza samadi, itakupa majani mabichi mazuri na miiba mirefu, basi. Hapa kwetu ndiyo sababu inapendeza zaidi Desemba hadi Februari. Mwishoni mwa Februari, rangi ikianza kufifia, chukua mkasi wenye makali. Chagua mashina makuu matatu hadi matano ya kubaki, yafunge kwenye waya au nguzo, kisha kila tawi la pembeni linalotoka kwenye mashina hayo likate ubakishe macho mawili au matatu. Yale machipukizi marefu yanayochomoka wima kutoka chini, yenye miiba mikubwa na majani makubwa kuliko mengine, yaondoe kabisa kwenye shina, ila kama unahitaji shina kuu jipya. Mmea utaonekana kama umechunwa. Usihofu, masika itaufunika.

Punguza tena kidogo mwezi wa Juni, na mara ya mwisho mwezi wa Septemba. Baada ya hapo weka mkasi chini, kwa sababu matawi yatakayotoka Oktoba ndiyo yatakayobeba rangi ya Krismasi. Na hapa ndipo penye kosa linalorudiwa mashuleni, makanisani na hotelini: bogonvilia hukatwa kila baada ya majuma mawili, ikanyolewa duara kama kichwa cha mwanafunzi wa bweni. Kila kunyolewa ni kuondoa ncha ambazo zingechanua. Mwaka unakwisha, mmea uko kijani kitupu, na mtunza bustani analaumiwa kwamba alinunua miche mibaya. Miche haina neno. Mwambieni apumzishe mkono.

Ukitaka kuzidisha, tumia vipandikizi vya unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, vilivyotoka kwenye tawi lililokomaa, si lile laini la kijani. Visimike kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini, mvua za mwanzo zikinyesha. Wakati wa kuhamisha, chana karatasi ya mche taratibu na uushushe na bonge zima la udongo, kwani mizizi ya bogonvilia ni dhaifu na hukatika upesi.

Waridi lina adui mmoja mkubwa Kakamega, nao ni unyevu. Wakulima wa Naivasha wanaoifanya Kenya kuwa mwuzaji mkuu wa mawaridi katika soko la Umoja wa Ulaya hulima ndani ya vibanda vya plastiki, na majani yao hayanyeshewi. Yetu hunyeshewa. Ugonjwa wa madoa meusi huanza kwenye majani ya chini, jani likawa la manjano pembeni, likaanguka, na spora zake zikarushwa juu na matone ya mvua inayofuata. Kupogoa ndiyo dawa ya kwanza. Fungua katikati ya kichaka kiwe kama bakuli, upepo upite. Toa matawi yanayosuguana, toa vijiti vilivyo vyembamba kuliko penseli, kisha kata yaliyobaki juu kidogo ya jicho linalotazama nje, mkato ukiinama kulikimbia jicho ili maji yasituame juu yake. Ua likinyauka, shuka nalo hadi jani la kwanza lenye vijani vitano, kata hapo, na kwa kawaida ua jipya litakuja baada ya majuma sita hadi manane. Majani yaliyoanguka yaokote na kuyachoma. Usiyatupe kwenye mboji. Tandaza nyasi kavu chini ya mmea ili matone yasirushe udongo. Mwagilia shinani, kamwe usimwagilie juu.

Haibiskasi na plumbago ya buluu hazina masharti mengi, kwa kuwa zote huchanua kwenye tawi jipya. Punguza theluthi moja mwezi wa Machi na zitashukuru. Haidrenjia ni kinyume chake. Nyingi ya zile zenye vichwa vikubwa vya mviringo huandaa tumba la mwaka ujao kwenye tawi la mwaka huu, hivyo zikatwe mara tu maua yakichakaa, na kwa kiasi, kichwa na macho mawili ya chini yake. Ukizikata miezi mitano baadaye umekata maua. Wanaoshangaa haidrenjia waliyoinunua ikiwa ya waridi imegeuka buluu wajue kwamba ni udongo: penye asidi nyingi mmea hufyonza aluminiamu, na madini hayo ndiyo huleta buluu. Udongo wetu uliooshwa na mvua kwa karne nyingi una asidi ya kutosha.

Poinsetia, ile yenye majani mekundu ya Krismasi, ilitoka Meksiko, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba inahitaji usiku mrefu usiokatizwa na mwanga ili igeuke rangi. Ikiwa yako imekaa kijani mwaka wote huku ya jirani ikiwaka, angalia juu yako. Pengine kuna taa ya usalama ukutani, au mlingoti wa taa za Mulika Mwizi umesimama karibu. Isogeze palipo na giza kabla ya kuiongezea mbolea.

Michikichi ya mapambo na minazi ya kigeni ina sehemu moja tu ya kukulia, kileleni. Ukikata kilele umeua mti. Ondoa majani yaliyokauka peke yake. Mjakaranda nao usikatwe kichwa. Huwa unajibu kwa kutoa fito nyingi wima zisizo na nguvu, na lile umbo la mwavuli lililokufanya uupende halirudi tena. Ukiwa mchanga, chagua shina moja la kuongoza, punguza yanayoshindana nalo, kisha uuache. Usiupande chini ya nyaya za umeme wala karibu na kaburi la mzee lililosakafiwa. Mti wa kimo cha mita kumi na zaidi unahitaji nafasi.

Katika kukata tawi nene, watu wengi huharibu mahali pamoja. Pale tawi linapotoka kwenye shina pana uvimbe mfano wa pete. Uvimbe huo ni sehemu ya shina. Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake, alipasua miti mingi sana kwa msumeno wa injini ili atazame kidonda kinavyokaa ndani kwa ndani, akaonyesha kwamba mti haufufui nyama iliyooza. Huizungushia ukuta na kuendelea kukua juu yake. Pete ile ndiyo inayojenga ukuta. Ukikata nje kidogo ya pete, kidonda hufungwa. Ukikata sambamba na shina kwa kutaka unadhifu, umefungua mlango wa kuozea. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda hakuzuii kuoza. Tawi zito likate mara tatu: kwanza kutoka chini, shubiri moja mbali na shina, ili gome lisichanike, kisha kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, mwisho ondoa kisiki kilichobaki, nje ya pete.

Panga ni kifaa cha heshima shambani, lakini kwa mawaridi na haidrenjia halifai. Huponda kabla ya kukata, na nyuzi zilizopondwa hukaribisha ukungu. Nunua mkasi wa kupogolea na msumeno mdogo uliopinda. Ufute mkasi kwa spiriti kila unapohama mmea hadi mwingine, hasa ukishagusa mgonjwa. Jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, hufanya kazi pia, ila hula chuma. Suuza, kausha, paka mafuta.

Ua wa saiprasi una sheria yake. Ndani ya ua mzee, nyuma ya ile ngozi ya kijani, kuna vijiti vikavu vya kahawia, na vijiti hivyo havichipui tena. Mtu anayengoja miaka mitano kisha akakata ua wake hadi kwenye kahawia atabaki na shimo maisha yake yote. Kata kidogo kila miezi michache, ukibaki ndani ya kijani. Chunguza vilevile vidukari vya saiprasi, vilivyoingia Kenya mwaka 1990 na kukausha miti mingi: majani hugeuka kahawia kuanzia ndani, na utomvu mtamu huacha masizi meusi. Kayaba, yenye miiba ya kuzuia ng'ombe na mwizi, huvumilia karibu kila kitu. Kwa ua wa aina yoyote, chini pawe papana kuliko juu. Ua uliopanuka juu huinyima miguu yake mwanga, na miguu isiyo na majani hupitisha kuku, mbwa na jicho la mpita njia.

Vaa glavu ndefu. Utomvu mweupe wa poinsetia unawasha, na ule wa mnyaa ukiingia machoni ni hatari kubwa. Osha kwa maji mengi mara moja na uende hospitali. Oliander na thevetia, ile ya maua ya manjano mfano wa kengele na mbegu ngumu ndani, zina sumu ya moyo katika kila sehemu. Matawi yake yasitupwe mbuzi wanapopita, yasichomwe karibu na watu, wala kijiti chake kisitumiwe kuchomea nyama. Maua ya tarumbeta yanayoning'inia yana sumu vilevile. Nyumbani palipo na watoto wadogo mimi singepanda hata kimoja kati ya hivi vitatu, hata viwe vya kupendeza namna gani.

Nafika sasa kwenye jambo linalonigusa zaidi. Kakamega si mji wa kawaida wa kupandia mimea ya kigeni. Umbali wa safari fupi ya matatu kuna msitu ulio masalio, upande wa mashariki kabisa, ya misitu ya mvua ya Afrika ya kati. Ulitangazwa kuwa msitu unaolindwa mwaka 1933, na mwaka 1985 sehemu za Buyangu na Kisere zikafanywa hifadhi ya taifa. Una zaidi ya aina 300 za ndege, na wengi wao, kuanzia hondohondo wakubwa hadi vindege vidogo, hula matunda. Ndege hajui mpaka wa boma lako na msitu. Anakula vitunda vya machungwa vya duranta asubuhi kwenye ua wako, mchana anatua msituni Isecheno, na mbegu anaiacha huko ikiwa na mbolea yake.

Lantana imekwisha kufanya hivyo. Ilitoka Amerika ya kitropiki kama ua la mapambo, na leo imejaa kingo za msitu na malisho, ikiwadhuru hata ng'ombe wanaoila. Mapera pia yameingia. Haki itendeke kwa mpera, hata hivyo: watafiti waliofanya kazi katika mashamba yanayouzunguka msitu wamekuta kwamba miti ya mapera iliyo peke yake shambani huwavuta ndege, na chini yake mbegu za miti ya asili huanguka na kuota. Si kila mgeni ni mwizi. Lakini mgeni huchungwa, na chombo cha kumchungia ni ule mkasi. Duranta inayokatwa mara kwa mara wakati wa mvua haipati nafasi ya kuzaa. Kata maua yakinyauka kabla ya kitunda kukaza. Lantana usipande kabisa.

Wala usitupe ulichokata mtoni. Isiukhu hupita karibu na mji, huingia Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Victoria. Ziwa hilo lilikwisha kuonja uzuri wa namna hii. Gugu maji, lililoziba bandari ya Kisumu na kuwazuia wavuvi kutoka, lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake ya zambarau kwenye vidimbwi vyao. Lilionekana ziwani miaka ya mwisho ya 1980, na mpaka leo halijaondoka. Kijiti kimoja cha mmea unaoota kwa vipandikizi kikishuka na maji hakihitaji msaada wa mtu.

Tusijione wenye kudhulumiwa peke yetu. Mti wa Nandi flame, unaowaka mwekundu kando ya barabara zetu na ambao hapa ni mwenyeji halali, ulipelekwa Hawaii na Fiji kama pambo. Huko umevamia misitu na mashamba mpaka umewekwa katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani, orodha hiyohiyo yenye lantana na gugu maji. Maua ya African violet yaliyojaa madirishani Ulaya yalitoka milima ya Usambara. Sisi wa Afrika Mashariki tumetoa mimea na tumepokea.

Ulichokata na hakina ugonjwa wala sumu, kirudishe ardhini. Udongo wetu mwekundu una upungufu wa fosforasi, na katika vichaka vya kando ya barabara kuna jibu la bure: tithonia, maua amalulu kwa Kiluhya, mgeni kutoka Meksiko anayetumika kama ua wa mashamba. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 ulionyesha kwamba majani yake yakikaushwa yana naitrojeni kama asilimia 3.5, fosforasi 0.37 na potasiamu 4.1, na huoza upesi. Yakate kabla ya mmea kutoa mbegu, yakatekate, yatandaze chini ya mawaridi na haidrenjia, uyafunike kwa udongo kidogo. Bogonvilia usiipe, nimeshasema inavyojibu shibe.

Na ukitaka pambo lisilokulazimu kulinda msitu dhidi yake, chukua la msituni. Wakulima wa Muliru, kikundi kilicho kando ya msitu ambacho kilishinda Tuzo ya Ikweta mwaka 2010, wamelima kwa biashara mrihani wa asili wenye harufu ya kafuri. Ukikatwa huchipua tena, na hufaa sana kwa ukingo wa njia ya kuingilia nyumbani. Mti wa murembe hutoa maua mekundu kiangazi. Drasena, ambayo Ulaya huuzwa ghali kwenye vyungu vya ofisini, hapa ni mmea wa kivulini wa Msitu wa Kakamega. Inunue kwenye kitalu, usiing'oe hifadhini. Ikirefuka mno, likate shina kwa kimo unachotaka mwezi wa Machi. Chini ya mkato yatatoka machipukizi mawili au matatu mahali pa lile moja. Kipande ulichokiondoa kigawe vipande vya shubiri moja moja, visimike kivulini upande uliokuwa juu ukibaki juu, na uvipe maji kidogo mpaka masika ishike.